Siku Kikapu cha Mama Mkwe Kilipofunguliwa

Sogeeni, enyi wenye masikio, na ninyi mliozoea kusikiliza nusunusu sogeeni zaidi. Zimeni redio, wekeni vikombe chini, kwa maana nawahadithia vita ambavyo wanahistoria, kwa uvivu wao, hawakuviandika. Sina habari za majemadari waliobomoa miji. Ninaye jabari mmoja mwenye kitambi kidogo na miwani iliyofungwa kwa uzi, mlinzi wa ndege wa kisiwani, ambaye wakwe zake walimwita Bwana Mayai, wala hawakumwita hivyo kwa heshima.

Kisiwa alichokilinda kilikuwa na ndege wa kahawia wasiojua kuruka, ambao hutaga chini, popote pale, kama watu wasiowahi kuibiwa. Duniani kote walikuwa wamebaki hapo tu. Kisiwa cha jirani nacho kiliwahi kuwa nao, mpaka panya walipoteremka na mizigo ya wageni. Bwana Mayai alifika huko akiwa kijana, akakuta maganda matupu na kimya, na tangu siku hiyo hakupata usingizi wa maana. Ndipo akajenga ngome pale gatini: chumba chenye meza ndefu, dirisha la wavu, na mlango uliozibwa kwa mpira chini. Humo kila mgeni aliingia na mzigo wake, mlango ukafungwa, mzigo ukamwagwa wote mezani, ndipo akaruhusiwa kukanyaga mchanga. Alimwaga mabegi ya maprofesa. Alimwaga hata mkoba wa mkewe mwenyewe, na kwa kosa hilo alijipikia kwa muda mrefu.

Hata ikawadia asubuhi ya majaribu. Boti ilifunga gatini, akateremka mama mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye enzi zake hata walimu walimwamkia mara mbili kwa kutokuwa na hakika kama ya kwanza imepokelewa. Alikuja kumwona binti yake. Mkononi alishika kikapu kilichoshonwa mdomo kwa uzi wa gunia, baada ya kukaa ghalani kwake, karibu na karanga, kikingoja safari.

Mkwe hupewa kiti na kupokewa mzigo, wala haulizwi amebeba nini. Ulimi wa jabari ulikwisha kujipanga kusema pita tu, mama. Lakini ulikuwa msimu wa kutaga, na nyuma yake, hatua chache tu kutoka mlangoni, palikuwa na viota wazi. Akajaza kifua pumzi, akanena:

"Shikamoo, mama. Ewe mzazi wa mke wangu, uliyenikabidhi lulu ya nyumba yako ingawa wengi walikushauri vinginevyo, mimi mwanao nimesimama hapa si kwa jeuri, bali kwa niaba ya viumbe wasio na pa kukimbilia. Kwa unyenyekevu wote nilionao, nakuomba ukubali kikapu hicho kifunguliwe."

"Marahaba," akasema mama mkwe. "Kwa hiyo unataka kunipekua nguo zangu."

Mkewe, aliyekuja gatini kumpokea mama yake, alimwambia kwa sauti ya chini, iliyosikika vizuri mpaka kwenye boti, kwamba akithubutu atalala na ndege wake. Bwana Mayai hakurudi nyuma, ingawa jasho lilimtoka. Baada ya mashauriano makali pakafikiwa mkataba: wote watatu wataingia ngomeni, mlango utafungwa, mke atamwaga mzigo wa mama yake, na jabari ataelekea ukutani amefumba macho kama mtoto aliyeadhibiwa.

Uzi ukakatwa. Nguo zikaanza kukung'utwa. Mara mkewe akasema, "Panya," kisha akapanda juu ya kiti, na mama yake akapanda kingine.

Adui alishuka mguu wa meza, akaujaribu mpira wa mlangoni, ukamshinda, akaanza kuutafuna. Tazameni sasa mtihani wa mtu huyu. Akigeuka, ataona mezani yale ambayo mkwe hapaswi kuyaona mpaka kufa. Asipogeuka, mpira utatoboka.

Akageuka. Akanyakua silaha ya kwanza iliyokuwa karibu na mkono wake, akairusha, akajirusha juu yake kifua chini, miwani ikaenda zake. Vumbi lilipotulia, chini ya kitambi chake, ndani ya shimizi jeupe la mama mkwe, kikasikika kilio chembamba cha aliyeshindwa.

Alimtia kwenye ndoo na kuifunika kwa wavu. Mama mkwe akashuka, akachungulia. Aliuliza kipanya kimoja kingekifanya nini kisiwa kizima.

"Ana mimba, mama," akasema Bwana Mayai, na safari hii hotuba ilimkimbia. "Kule jirani walianza hivihivi. Nilitembea siku nzima nikitafuta yai moja zima. Sikuliona."

Kisha akainama, akajifanya anatafuta miwani. Mama mkwe akarudi mezani. Alikunja nguo zake, ila shimizi akaliacha pale pale mezani.

Alasiri boti ikamleta mkubwa wa idara, na sanduku zuri la magurudumu. Alieleza kwamba ana haraka, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesaini kanuni za ukaguzi, hivyo hazimhusu sana. Bwana Mayai akaanza kuifuta miwani yake upya, maana huyo ndiye aliyeshika mshahara wake. Lakini mlangoni palikuwa pameshawekwa kiti, na kitini ameketi mwalimu mkuu mstaafu.

"Mimi ni mama mkwe wake," akasema, "na shimizi langu lile pale, mchana kweupe. Wewe una nini humo cha kuficha kuliko mimi?"

Mkubwa wa idara akafungua sanduku, akamwaga mwenyewe.

Basi andikeni, enyi mnaoandika habari za wafalme, kwamba siku hiyo ngome haikuanguka, na kwamba tangu hapo haijapita hata sindano bila bibi yule kuikung'uta, kwa sababu alikuja kukaa wiki moja na hajaondoka hadi leo. Na jioni ya ushindi huo, jabari, mkewe na mama mkwe wake walipokuwa wakipanda njia ya nyumbani, ndege mmoja wa kahawia alikatiza mbele yao kwenda kulalia yai lake, wala hakugeuza shingo kuwatazama.