Mihuri Saba ya Kwenda Ureno

Jumatatu, 10 Machi 2025. Arua.

Nimeamua. Nakwenda Ureno. Kuna kampuni ya usanifu wa michoro huko inachukua wabunifu watano kutoka nje, mafunzo ya kazi miezi sita, na viza ya kazi wanaishughulikia wenyewe. Sharti: usizidi miaka thelathini. Mimi natimiza thelathini na moja tarehe mbili mwezi ujao. Nikikosa hii, nitachonga mihuri hapa mtaani Mvara mpaka macho yaishe.

Shida ni kazi za kuonyesha. Nina nini? Mihuri ya makanisa. Mihuri ya shule. Miaka tisa ya kuichonga kwa wembe kwenye soli za kandambili. Nani atampa viza mtu wa kandambili? Basi nimeingia mtandaoni, nimechukua mabango kumi ya wenyewe, nimefuta majina yao, nimeandika Adriko. Yamependeza mno. Nilijivunia.

Sephora hakujivunia. Huyu ni fundi cherehani, Mkongo, tunagawana baraza moja. Ameuliza kama mabango haya nimeyatengeneza usingizini. Nimemwambia ashone.

Jumanne, 11 Machi.

Kabla ya kutuma nimeona pengo. Hakuna muhuri! Karatasi gani ya maana inatoka Arua bila muhuri? Hata ruhusa ya kuhamisha ng'ombe ina muhuri. Nimegonga saba chini ya barua ya maombi: IMEPOKELEWA, IMEKAGULIWA, SIRI, HARAKA, mwingine wa kwaya ya akina mama kwa sababu una maua, na miwili niliyoichonga leo asubuhi, ya ofisi ambazo hazipo. Sephora amepiga picha kwa simu yake, ya kwangu kamera imekufa. Amecheka mpaka uzi ukakatika. Nimetuma kila kitu.

Ijumaa, 14 Machi.

Wamejibu! Bango la tatu ni lao. Lao kabisa, walilitengeneza wenyewe miaka minne iliyopita, na mtu aliyelichora ndiye aliyefungua maombi yangu. Nimekaa chini ya meza kwa muda.

Sephora akasema mutu anaibia mwenye duka kisha anamupelekea mwenye duka mali yake, huyo iko mutu ya namna gani? Nililia kidogo, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Halafu akanivuta shati, akasema nisome mpaka mwisho. Kweli, barua ilikuwa inaendelea. Mabango wameyatupa. Wanauliza mihuri ile saba nani kaichonga, na kwa kifaa gani. Kama ni mimi, bado nafasi moja ipo. Ila baada ya lile bango hawaniamini tena, kwa hiyo wanataka barua ya kiongozi wa kijiji nilikozaliwa, anayenijua, aseme mimi ni nani na nafanya kazi gani. Mwisho Jumatano. Ikifika, wanaanza karatasi za viza.

Mihuri? Wazungu hawa. Lakini sawa.

Jumapili, 16 Machi. Koboko.

Nimekuja Lurujo kwa Mzee Yengi, mwenyekiti wa kijiji chetu. Nimemkuta shambani. Amenipa jembe kabla ya kiti. Nimelima mistari minne ndipo akauliza habari ya mama yangu. Nikamweleza Ureno yote. Akasikiliza vizuri, akasema barua atanipa, mtoto wa Elena hawezi kukataliwa, lakini muhuri iko kwa sanduku na ufunguo iko kwa bibi, yaani mkewe, na bibi iko kanisani. Atanitumia Jumanne na mtu wa boda.

Nimempa maneno ya kuandika: kijana mwadilifu, kipaji cha ajabu, shahada mbili. Akasema ataandika yale anajua.

Hilo limeninyima raha njia nzima.

Jumanne, 18 Machi. Arua.

Barua imefika saa tisa. Msiba! Mzee ameandika kwa mkono, na wino wa kijani. Nainakili hapa nisije nikaambiwa nimezusha: "Huyu Adriko najua tangu kuzaliwa. Iko mwongo kidogo, lakini si mwizi wa mali ya kijiji. Mikono yake iko mzuri sana. Muhuri hii chini ni yeye alichonga, na kandambili ya baba yake, wakati mtoto bado. Mumuchukue, mumufundishe, mumurudishe."

Na muhuri wenyewe! Herufi moja imeng'oka, pembeni pameliwa na panya. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Aibu imenipanda mpaka masikioni. Nikipeleka hii, Ureno basi.

Nimekaa, nimeandika nyingine. Kwa kompyuta. Shahada tatu sasa. Nimechonga muhuri mpya wa Mzee, mkubwa kama sahani, na ndege korongo katikati. Hata Mzee mwenyewe angeuonea wivu. Data yangu imekwisha, kwa hiyo nimempa Sephora barua zote mbili, nikamwonyesha ya kutuma. Akazitazama moja moja, pole pole. Akasema sawa, mukubwa. Akatuma. Heshima hiyo sikuizoea kwake.

Ijumaa, 21 Machi.

NIMEPATA! Karatasi za viza zinaanza Jumatatu, nauli juu yao. Sephora amenikumbatia mbele ya wateja, machozi yakamtoka. Mama amepiga kelele kwenye simu.

Wareno wanasema barua ya mwenyekiti imewagusa sana, hasa pale aliposema mimi ni mwongo kidogo. Ajabu. Mimi sikuandika hivyo. Nadhani ni kompyuta yao, inatafsiri vibaya. Tena wanasifu muhuri wenye herufi iliyong'oka. Kwenye korongo wangu hakuna herufi iliyong'oka, nimehesabu mara mbili. Hawa watu watahitaji miwani, nitawaambia nikifika. Nimemweleza Sephora yote haya, naye akaingia ndani ghafla akisema ana kikohozi.

La muhimu nimeliona: barua ya Mzee ingeniua. Ni korongo aliyeniokoa. Sasa nasikia ubalozini viza inaweza kuchukua wiki sita. Wiki sita! Watu wa ubalozi wana kazi nyingi, maskini. Nimenunua kandambili mpya, nyekundu, soli nene. Kesho naanza kuwachongea muhuri wao, niwapunguzie kazi.