Mgonjwa wa Kamati Yetu

Wizara inapenda kuutangazia umma kwamba sonona sasa imepata mwenyekiti.

Mwenyekiti huyo ni mimi. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa mapokezi, chini kidogo ya lile la lifti mbovu, likieleza kwamba Kamati Maalumu ya Kulinganisha Miongozo ya Tiba ya Sonona imeundwa rasmi, ina wajumbe watano, na itafanya kazi kwa moyo mkunjufu. Sonona, kwa wasioijua, ni ule ugonjwa wa mtu kuzimika ndani huku nje akiendelea kusalimia watu. Wizara ilikuwa na miongozo mitatu ya kuutibu, yote halali, yote imegongwa muhuri, na kila mmoja unasema lake. Zahanati zilikuwa zimetuandikia kuuliza zifuate upi. Tulizijibu kwamba zifuate yote, hadi zitakapoelekezwa vinginevyo.

Niliteuliwa kwa sifa. Katika miaka ishirini na tatu ya utumishi sijawahi kukosea kujaza fomu. Wenzangu huandika "kama hapo juu"; mimi huandika upya, kwa herufi kubwa.

Katibu Mkuu aliniita ofisini kwake kunikabidhi jukumu. Sisi wa ghorofa za chini tulimwita Bwana Utekelezaji, maana hakuwahi kumaliza sentensi bila neno hilo.

"Nataka mwongozo mmoja," akasema. "Wiki sita. Kwa ajili ya utekelezaji."

"Mheshimiwa, sonona ni suala pana."

"Basi lipunguze."

Tukaanza kulipunguza katika ukumbi namba mbili, ghorofa ya tano, kwenye meza yenye umbo la yai ambayo mtu wa upande mmoja hamsikii wa upande wa pili. Kulikuwa na daktari bingwa, tuliyempachika jina la Ila kwa kuwa kila sentensi yake iligeuka nyuma ikifika katikati. Kulikuwa na mfamasia, mwanasheria, na muuguzi kutoka zahanati iliyo nyuma tu ya wizara. Muuguzi aliletwa ili kuwakilisha uhalisia. Mama huyu hakuwa na desturi ya kukaa. Alisimama dirishani mikono nyuma, kama anayesubiri tumalize atandike kitanda.

Wiki ya kwanza tuliitumia kuipa miongozo majina. Mwongozo Mnene ulikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili. Mwongozo Mwembamba ulikuwa na kurasa sita, mojawapo ikiwa ya shukrani. Wa tatu ulikuwa wa picha. Mnene ulisema mgonjwa asiyezidiwa aanze kwa mazungumzo na mtaalamu, dawa zisubiri. Mwembamba ulisema aanze dawa, kwa sababu wataalamu wa mazungumzo ni wachache na wenyewe wamechoka. Wa Picha ulionyesha mtu akipewa vyote viwili, kisha akipanda kilima huku anatabasamu.

Kilima kilitugharimu siku mbili. Mwanasheria alitaka kujua serikali itajitetea vipi endapo mgonjwa atapanda na asitabasamu.

Halafu likaja suala la mgonjwa kurudi kuonwa. Mnene ulitaka arudi baada ya wiki mbili, Mwembamba baada ya wiki moja. Hapo nilionyesha uongozi. Niliamuru arudi baada ya siku kumi na nusu.

"Hiyo nusu siku," akauliza muuguzi kutoka dirishani, "atakuja saa ngapi?"

"Hilo litafafanuliwa kwenye kanuni."

"Nina wagonjwa ishirini na sita mwezi huu, Mwenyekiti. Wote watauliza."

Nikaagiza swali lake liandikwe. Liliandikwa vizuri sana.

Ni haki nieleze pia hali ya Mwenyekiti mwenyewe katika kipindi hicho. Ilikuwa ya kuridhisha. Usingizi ulikuwa ukinikimbia, chakula hakikuwa na ladha, na nikisoma barua ilinibidi nirudie aya moja mara nne. Lakini sikuwa na sababu yoyote ya kuumwa. Nilikuwa nimepandishwa cheo. Pacha wetu walikuwa wamepata chuo, wameondoka wakiwa na furaha. Na kwa kuwa sababu haikuwepo, nililifunga suala hilo kiutawala.

Mke wangu hakuwa na taarifa kwamba limefungwa.

"Baba Pacha," aliniambia jioni moja, ameinama kwenye dirisha la gari, "umefika tangu saa kumi na moja. Mbona umekaa humu kama mzigo uliosahauliwa?"

"Nasubiri taarifa ya habari iishe."

"Redio imezimwa."

"Basi imeisha," nikasema, nikashuka.

Wiki ya nne tulifika kwenye dodoso. Miongozo yote ilitumia lile lile: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama kuanzia sifuri hadi tatu. Daktari Ila akasema ni dodoso zuri, ila huenda ni refu. Mfamasia akasema ni fupi. Muuguzi akashauri tulijaze wenyewe, kila mtu karatasi yake bila jina, tuone linachukua dakika ngapi.

Nililijaza. Mjumbe mwingine yeyote angeweka sifuri akaendelea na mambo yake. Lakini ile ilikuwa fomu, na mimi fomu siwezi kuidanganya. Usingizi: karibu kila siku. Kujiona umeshindwa: karibu kila siku. Kalamu ilikwenda yenyewe, na kusema kweli niliona fahari kidogo kwa jinsi mwandiko ulivyonyooka.

Ila alizikusanya, akazichanganya, akasoma jumla ya alama za kila moja. Nne. Saba. Mbili. Karatasi namba nne: ishirini na moja. Ya mwisho: sita.

Mfamasia alichunguza dari. Wajumbe wote, nami nikiwemo, tulimtazama mwanasheria.

"Ishirini na moja ni kali," akasema Ila. "Ila, bila shaka, ni mfano tu."

"Ni mfano bora," nikasema haraka. "Iitwe Kielelezo cha Kwanza."

Kamati ilichangamka kama mche uliomwagiwa maji. Hatimaye tulikuwa na mgonjwa! Kwa siku tatu tulimtibu Kielelezo kwa miongozo yote. Ila alimpa mazungumzo na dawa kwa pamoja. Mfamasia alibishana naye kuhusu kipimo cha kuanzia. Mwanasheria aliuliza kama Kielelezo ana haki ya kukataa, na mimi, nikiwa kitini pangu, niliamua kwamba anayo, ila kwa maandishi. Niliendesha vikao vile kwa umahiri ambao bado naukumbuka. Kuna wakati nilimkemea Kielelezo kwa kutojitokeza mapema kupata huduma.

Siku ya tatu, muuguzi alitoka dirishani. Akavuta kiti, akakaa. Tulimshangaa kama tungemwona anaruka.

"Swali la tisa," akasema. "Namba nne kajibu 'siku kadhaa'."

Swali la tisa huuliza kama umewaza kwamba afadhali usingekuwepo.

"Tuone miongozo inasemaje hapo," akaendelea. "Kila mtu afungue wake."

Ila alifunua Mnene, akasoma taratibu, bila kuweka "ila" popote: "Mhudumu amuulize mgonjwa waziwazi siku hiyohiyo, wala asimwache peke yake na jibu lake." Mfamasia akasoma Mwembamba: "Uliza leo." Mwanasheria akainua Wa Picha atuonyeshe. Viti viwili vimetazamana, watu wawili wamekaa. Basi. Hapakuwa na kilima.

Ilikuwa mara ya kwanza miongozo yote mitatu kukubaliana. Kazi niliyoteuliwa kuifanya ilikuwa imefanikiwa mbele ya macho yangu.

"Iandikwe kwamba miongozo imewiana," nikasema. "Kikao kimeahirishwa."

Wakatoka. Muuguzi hakutoka. Alizunguka meza, akaburuta kiti chake hadi mbele yangu, magoti yetu yakakaribiana.

"Kaka," akasema. Hakusema Mwenyekiti. "Ile karatasi ni yako."

"Zilikuwa bila majina."

"Umeandika chini: 'Nathibitisha kuwa maelezo haya ni sahihi kwa kadiri ya ufahamu wangu.' Ukaacha na nafasi ya muhuri. Nani mwingine nchi hii?"

Sikuwa na pingamizi.

"Nakuuliza waziwazi," akasema. "Unafikiria kujidhuru? Umepanga lolote?"

"Hapana. Sijapanga. Nawaza tu kwamba nikitoweka, ofisi haitagundua hadi ripoti za robo mwaka zitakapotakiwa."

"Na mkeo?"

"Hajajulishwa rasmi."

Alicheka. Nami nikacheka, kisha kicheko changu kikakatika katikati kikawa kitu kingine, ambacho hakikuwa kwenye ajenda, na kilichukua muda mrefu. Alinipa kitambaa cha kufutia ubao. Kilikuwa na chaki, au wino, sijui. Nilitoka na uso wa buluu.

Nilipoweza kusema, nikamuuliza, "Sasa naanza kwa mwongozo upi?"

"Anza kwa kumpigia mkeo. Nipo hapa hapa. Kesho saa mbili asubuhi unakuja zahanati."

"Kwa utaratibu gani?"

"Kwa miguu."

Nikapiga. "Mama Pacha," nikasema, "mimi naumwa."

"Najua, mume wangu," akajibu. "Nilikuwa nakungoja na wewe ujue. Usiendeshe gari. Nakuja kukuchukua."

Kesho yake saa mbili kasoro nilikuwa zahanati. Mke wangu alinisindikiza hadi getini. Nilimsihi asiingie, nikamwahidi simu nikimaliza. Nilivaa tai na kubeba jalada, ili yeyote atakayeniona ajue nipo kikazi. Nilipewa kadi namba kumi na nane. Benchi lilijaa: mama na binti yake, dereva aliyevaa sare, na pembeni kabisa mtu aliyejifunika gazeti lote. Viatu vyake niliwahi kuviona chini ya meza pana sana.

"Mheshimiwa Katibu Mkuu!"

Gazeti likashuka kidogo. "Nimekuja kukagua," akasema.

"Nami pia, Mheshimiwa."

"Vizuri." Gazeti likapanda. Baada ya muda, sauti ikatoka nyuma yake, ndogo sana. "Huwa nakagua kila Jumatano. Huu mwezi wa nne."

Sikujua itifaki ya hapo, nikanyoosha tai.

"Kabla ya hapa nilianza kwenye kituo cha karibu na nyumbani," akasema. "Wakanipa dawa. Nikahamia kingine ili nisijulikane, wakaniambia niache dawa, nizungumze. Cha tatu wakanionyesha picha ya kilima." Akakunja gazeti vipande vinne. "Unadhani kamati niliiunda kwa nini? Nilitaka tu wakubaliane. Nimechoka, ndugu yangu. Wewe ukaniletea siku kumi na nusu."

Nimewahi kupokea barua tatu za onyo katika maisha yangu ya kazi. Hakuna iliyoniingia kama ile.

"Kumi na saba!" muuguzi akaita mlangoni.

Katibu Mkuu alitazama kadi yake, akainuka kama tunavyoinuka sisi anapoingia yeye.

Alikaa ndani nusu saa. Alipotoka nilitegemea apite bila kunitazama, nami nilijiandaa kutomwona. Badala yake alirudi kwenye benchi, akaweka mkoba magotini.

"Si umemaliza, Mheshimiwa?"

"Nimemaliza. Nakungoja wewe."

"Kwa ajili ya utekelezaji?" Ilinitoka tu.

Alikaribia kutabasamu. "Siku ya kwanza mimi nilitoka humu peke yangu. Kutoka hapa hadi wizarani ni hatua mia mbili, na nilipotea njia. Nilisimama kwenye kona nikashindwa kujua niende kulia au kushoto, hadi muuza vocha akanishika mkono."

"Kumi na nane!"

Nikainuka, nikatafuta pa kuweka jalada. Katibu Mkuu akanyoosha mikono, akanipokea.