Mganga Mmoja Anatosha

Jumatatu, 4 Machi

Bosi ametangaza. Kiti cha mkuu wa kitengo cha wakazi kiko wazi.

Wakazi ni wale watu ishirini wa mchezo wetu wa kompyuta, wanaojenga kijiji, kulima na kufa. Tatizo, hawajui kugawana kazi. Wiki iliyopita mpishi alikwenda kuchimba mawe, mchimba mawe akapika. Kijiji kizima kiliharisha.

Mimi na Bi Taratibu kila mmoja ataandika mfumo wake wa kugawa kazi. Vijiji viwili, wakazi ishirini kila kimoja, skrini mbili. Ijumaa, mwenye wakazi hai wengi anachukua kiti.

Bi Taratibu ana miezi mitatu hapa. Mimi miaka sita! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji anaugua. Bosi humwita mwanangu. Mimi huniita wewe.

Nimeshamwambia mama mkwe kiti ni changu. Ameshawaambia majirani.

Jumanne, 5 Machi

Mfumo wangu: kila kazi na fundi wake bora, basi. Mpishi mmoja, mganga mmoja. Hakuna kufundishana. Fundi akifundisha anachelewa, tena anajizalia mpinzani.

Bi Taratibu kampa kila fundi mwanagenzi wa kushinda naye akijifunza. Uji unaungua. Kuta zimepinda kama mgongo wa paka.

Mchana: ghala langu magunia mia tatu, lake tisini. Nikamwuliza, kwa huruma, kama wanagenzi wake wanakula matofali. Akasema, kaka yangu, watajua tu, mdogo mdogo. Bosi akacheka. Naye, si nami.

Jumatano, 6 Machi

Mwanagenzi wake kajenga ukuta ulionyooka. Bosi akaita ofisi nzima waje waone. Ukuta mmoja! Mimi nina arobaini, hakuitwa hata mfagizi.

 Bi Taratibu alipokwenda kula, nikakaa kwenye kompyuta yake. Muda wa kufundishana ulikuwa saa mbili kwa siku. Nikaweka saa kumi, kwa wakazi wote. Wafundishane mpaka njaa iwamalize!

Nikarudi kwangu nikipiga mluzi.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi shamba lake magugu yamefunika mazao. Ghala halina hata punje. Nikamnunulia chai. Akaniuliza kama naumwa.

Saa tisa alasiri wakazi wake wakafuzu. Wote! Kila mmoja analima, anapika, anatibu. Wakang'oa magugu, wakavuna shamba lote kabla sijamaliza chai yangu.

Bosi akauliza wazo la saa kumi ni la nani. Bi Taratibu akasema hajui, labda kuna mtu kamsaidia, Mungu ambariki.

Nikamalizia chai yangu. Sijawahi kumwonea mtu wivu kwa kazi niliyoifanya mwenyewe. Unauma zaidi.

Ijumaa, 8 Machi

Homa imeingia vijiji vyote viwili. Kwake, waganga ishirini wanatibiana kwa zamu. Kwangu, wa kwanza kuanguka: mganga.

Nikamwamuru mpishi amtibu. Mfumo ukakataa, si kazi yake. Nimeuandika vizuri mno! Kisha mpishi akaanguka. Magunia mia tisa ghalani, hakuna wa kuinjika sufuria.

Saa nane mchana wakahesabiwa. Kwake ishirini. Kwangu mmoja, fundi viatu, amesimama katikati ya kijiji na jozi themanini mpya.

Bosi akampa Bi Taratibu kiti. Akaniambia, wewe, kampe mwenzako mkono. Nikampa. Mama mkwe kapiga simu mara tatu. Sikupokea.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Mfumo hauna kasoro. Mganga ndiye aliyeugua.

Mama mkwe nimempigia. Nimemwambia kiti bado kinachongwa.

Bosi ameagiza kwamba Jumatatu nimfundishe Bi Taratibu namna ya kuuamsha mchezo ukikwama, kwa kuwa ofisi nzima ni mimi peke yangu ninayejua. Amesisitiza, yote, usimfiche kitu. Nimejibu kwamba hiyo ni furaha yangu.

Hatua ziko tisa. Nitamfundisha nane.