Daktari wa Lango la Mvuke

Tangu ugonjwa uingie mjini, Sabuni hakuwa na kazi, na kosa halikuwa lake. Utapeli ni kazi ya kukaribiana. Humuuzii mtu kiwanja kisichokuwepo ukiwa umesimama mbali naye kama mliogombana; lazima umshike bega, umnong'oneze, umcheke kidogo, naye akucheke. Sasa watu walimkwepa hata kabla hajafungua mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa nyuma ya kitambaa. Waliompa jina la Sabuni walimpa kwa haki, maana hakuna mkono uliowahi kumshika akatulia humo. Lakini miezi ile hakukuwa na hata mkono wa kuuponyoka.

Alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake na kula kimyakimya, huku shemeji yake, fundi bomba, akiusindikiza kwa macho kila mkono wake ulipoelekea kwenye sahani.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kwa kinyozi, si kunyolewa bali kusoma gazeti la bure. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chuo cha binafsi, geti lake limefungwa kwa mnyororo, nyasi zimeota hadi kwenye ngazi za ofisi. Mbele ya geti watu wawili walikuwa wakibishana. Mmoja alikuwa mwenye chuo. Watu walimwita Mzee Bati, kwa kuwa alitajirika kwa kuuza mabati, kisha akajenga chuo kwa mabati yaliyobaki. Wa pili alikuwa Naibu Mkuu wa chuo, mama mwembamba mwenye miwani, sauti yake ya taratibu kama ya mtu anayesoma kwenye maktaba.

"Serikali imesema tufungue," Mzee Bati alifoka. "Kwa nini sisi hatufungui?"

"Imesema tufungue tukiwa salama, Mzee. Wakaguzi wa afya watakuja kutazama. Vitanda vya mabwenini vimebanana, mabomba yamekauka, na madirisha ya madarasa uliyapigilia misumari mwenyewe."

"Niliyapigilia kwa ajili ya wezi wa mapazia!"

"Sasa tunahitaji hewa."

"Hewa? Yaani hata hewa nilipie? Wape barakoa, yaishe." Mzee Bati alishusha pumzi ndefu ya mateso. "Nitafutie kitu kimoja, Naibu. Kimoja tu kinachoonekana. Kikae hapa getini, mkaguzi akikiona aridhike, arudi zake."

Sabuni alilikunja gazeti polepole, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina.

Jioni hiyo alikuwa nyuma ya nyumba, akimwelekeza shemeji yake namna ya kuunganisha mabomba yawe na umbo la mlango mrefu. Juu zikafungwa pua za kunyunyizia maua, pembeni pampu ndogo, na kileleni taa ya buluu.

"Shemeji, hiki kitu kinafanya nini?" fundi aliuliza.

"Kinafuka."

"Halafu?"

"Halafu basi. Kufuka ndiyo kazi yake."

Ndani ya tangi walitia maji ya bomba, na katika maji wakadondosha manukato ya dada mtu, ambaye hakuulizwa. Koti jeupe Sabuni aliliazima kwa muuza nyama. Lilifuliwa mara mbili, na doa lililogoma kutoka akalifunika kwa safu ya kalamu kifuani. Alipojitazama kwenye kioo, alijiamini kiasi kwamba nusura ajiulize kuhusu maumivu yake ya mgongo.

*

"Hili, Mzee," alisema kesho yake katika ua wa chuo, "ni Lango la Mvuke. Mwanafunzi anaingia huku na ugonjwa, anatokea kule bila ugonjwa. Hakuna sindano wala vidonge. Anatembea tu."

Mzee Bati alilizunguka lango kama mtu anayenunua ng'ombe. Akapita chini yake. Likafuka. Akatoka upande wa pili akinukia kama bwana harusi, uso umemng'aa.

"Nasikia mapafu yamefunguka!"

"Yalikuwa yanakusubiri, Mzee."

Naibu Mkuu alikuwa amesimama kando, mikono kifuani. "Daktari," alisema, "naomba kuuliza. Lango linaua ugonjwa ulio juu ya nguo. Ule ulio ndani ya mwili je?"

Sabuni hakupepesa jicho. "Ule wa ndani, mama, ukisikia wenzake wa nje wamekufa, unakata tamaa."

Bega la Naibu lilitikisika kidogo, na barakoa yake ikavimba kama iliyopulizwa kutoka ndani. Alimtazama Sabuni kwa muda. Akazitazama zile kalamu, akalitazama doa lililochungulia chini yake. Sabuni alianza kupima kwa macho njia ya kwenda getini.

"Mzee," Naibu akasema, "huyu ndiye mtu tuliyekuwa tunamtafuta."

Sabuni mwenyewe alishangaa. Mambo yake hayakuzoea kukubalika haraka namna ile. Kwa kawaida palikuwa na jasho kidogo.

Mzee Bati alipoondoka kupokea simu, Naibu alimsogelea Sabuni, ila si sana. "Lango lako ni zuri," alisema kwa sauti yake ileile ya maktaba, "lakini ni dogo. Mtu mwenye kipaji kama chako anaacha vipi mradi mzima, anashikilia bomba moja? Mzee haniamini mimi. Wewe anakuamini. Mwambie lango halifanyi kazi bila vitu vingine. Vitu gani, nitakunong'oneza. Manunuzi yote yanapita ofisini kwangu."

"Na fungu langu?"

"Kila mtu atapata anachostahili mkaguzi akishapita. Ukidai sasa hivi, Mzee atashtuka."

Moyo wa Sabuni ulijaa kama wa mtu aliyekutana na ndugu ughaibuni. Kumbe na huyu mama ni wetu! Miaka yote hiyo amejificha nyuma ya miwani! Hakuweza kumpa mkono, kwa sababu ya ugonjwa, wakagonganisha viwiko.

Ndipo ukaanza msimu mtukufu kuliko yote katika maisha ya Sabuni ya kusema uongo. Kila asubuhi Naibu alimnong'oneza kitu, na kila mchana Sabuni alikipeleka kwa Mzee Bati kimepambwa.

"Madirisha, Mzee. Lazima yang'olewe misumari yote. Mvuke wa lango ukimwingia mwanafunzi, ukakosa pa kutokea, unamgandia kichwani. Kijana anasahau alichosoma."

"Kwa hiyo atafeli?"

"Atafeli, na wazazi watakulaumu wewe."

Misumari ikang'olewa.

"Vitanda, Mzee. Vimekaribiana mno. Mtu aliyepita langoni anatoa joto la kitabibu. Wakilala karibu karibu, joto linapigana."

Vitanda vikatenganishwa, na jengo la zamani la ghala, lililokuwa limejaa mabati yenye kutu, likasafishwa likawa bweni jipya. Mzee Bati alisimama akiyaangalia mabati yake yakitolewa nje, kwa huzuni ya mtu anayezika.

"Maji, Mzee. Mikono mikavu inalikataa lango. Kila mlango uwe na bomba na sabuni. Na madarasa yagawanywe, nusu asubuhi, nusu mchana, maana lango likipitisha wengi kwa pamoja linachoka."

"Mashine hii ina madai kuliko mke wangu," Mzee Bati alilalamika. Lakini alitoa. Kila jioni alipita langoni mara tatu, peke yake, akivuta pumzi.

Sabuni alikuwa na furaha. Kila tangi la maji lililoshushwa kwenye lori alilitazama kwa jicho la mwenye hisa. Usiku, juu ya kochi la dada yake, aliota fungu lake likikua. Jambo moja tu lilimkera: shemeji yake hakuonekana tena nyumbani mchana, na akirudi alikuwa amechoka, amelowa, na mwenye heshima zake.

"Unashinda wapi, shemeji?"

"Kazini."

"Kazi gani, na mradi wetu uko pale chuoni?"

Fundi alinawa mikono yake bila haraka. "Palepale. Yale mabomba ya kila mlango unadhani yanajifunga? Naibu aliniita akanipa kazi. Ananilipa kila Ijumaa."

"Yaani wewe unalipwa sasa hivi?" Sabuni alikaa wima. "Mbona mimi nimeambiwa nisubiri?"

"Mimi nina kazi, shemeji," fundi alisema kwa upole. "Wewe una mpango."

*

Siku ya ukaguzi Sabuni aliwahi chuoni, koti limepigwa pasi. Alipofika getini alisimama ghafla. Lango halikuwepo. Alilikuta nyuma ya jiko, limesimikwa katikati ya tuta la mboga, linafuka kwa utulivu juu ya mchicha.

Mzee Bati alimpokea kwa tabasamu. "Naibu ameniambia umeagiza lipumzike leo. Vizuri sana, Daktari. Mkaguzi akiliona anaweza kulitamani."

Mkaguzi alikuwa daktari wa kweli, mama mnene mwenye viatu vya kutembelea, na Sabuni alipomwona alihisi doa lake linamwakia kifuani. Mama yule alipita kila chumba. Alifungua mabomba, akapima kwa hatua zake umbali wa vitanda, akasimama katikati ya darasa akasikiliza upepo ukipeperusha mapazia mapya. Aliwauliza wapishi watakula vipi wanafunzi, akawauliza walinzi watafanya nini mtu akija na homa, na wote walijibu bila kukwama, kwa sababu Naibu alikuwa amewafundisha wiki nzima. Alipofika kwenye mboga akaonyesha kidole.

"Na kile?"

"Umwagiliaji," Naibu alisema.

"Na huyu bwana mwenye koti?"

"Wa umwagiliaji."

Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia Mzee Bati kwamba hajaona chuo kilichojiandaa hivi. Mzee Bati alifuta machozi. Chuo kikaruhusiwa kufunguliwa Jumatatu.

Sabuni hakusubiri gari la mkaguzi liwashwe. Aliingia ofisini kwa Naibu na kufunga mlango. Naibu akanyoosha mkono akaufungua tena, kwa ajili ya hewa.

"Mama, tumemaliza. Fungu langu."

"Fungu lipi?"

"La haya yote! Matangi, vitanda, madirisha! Kilichobaki tugawane!"

"Hakuna kilichobaki," Naibu alisema. "Vyote vimenunuliwa. Nenda kavitazame, viko nje."

Sabuni alimtazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kukutana na unyama wa namna hii: mtu anachukua fedha za kununulia matangi, halafu ananunua matangi.

"Ulisema kila mtu atapata anachostahili!"

"Mkaguzi bado yuko uani. Ukitaka, nimwite tupime pamoja unastahili nini. Njoo na cheti chako cha udaktari."

Sabuni alikaa kitini bila kukaribishwa. "Ulinijua tangu siku ya kwanza."

"Ugonjwa unaokata tamaa?" Bega la Naibu likatikisika tena, kisha likatulia. Alielekeza macho nje, kwenye chumba cha ng'ambo ya ua kilichofunguliwa madirisha yote. "Ile ni maktaba. Mkutubi wetu alikaa mle hadi siku ya mwisho kabla hatujafunga, anapokea vitabu kutoka mikono ya kila mtu, madirisha yamepigiliwa misumari. Hakumaliza mwezi. Nilikuwa nimemwomba Mzee ayafungue. Nilimwomba kwa adabu, nikamwandikia, nikamletea na takwimu. Hakunisikia. Wewe ulikuja na manukato, akakusikia siku hiyohiyo." Akavua miwani, akaifuta. "Nilikasirika sana. Halafu nikaona nisipoteze hasira bure."

Sabuni, aliyewahi kumuuzia mtu mto pamoja na daraja lake, aliinuka akatoka, akauacha mlango wazi.

*

Jumatatu alikwenda kuchukua lango, angalau akaliuze kwingine, akaambiwa wapishi hawalitoi. Mchicha haujawahi kustawi vile. Akageuka aondoke. Getini kulikuwa na wanafunzi na masanduku, wamesimama wameachiana nafasi, wazazi nyuma yao. Baba mmoja, fundi viatu kwa vidole vyake vyeusi, alimshika binti yake begani kana kwamba geti lingemmeza. Akaliona koti jeupe.

"Daktari! Samahani. Huyu ndiye mtoto pekee aliyebaki kwangu. Niambie ukweli. Nimwache, au nirudi naye nyumbani?"

Binti aliangalia chini. Sabuni akafungua mdomo, na kwa mazoea majibu manane yakamjia, yote matamu. Akamtazama yule baba. Akayameza yote manane.

"Madirisha yako wazi," alisema. "Nimeona yaking'olewa misumari. Maji yapo kila mlango, bomba la shemeji yangu halivuji. Vitanda viko mbalimbali. Akipata homa kuna chumba chake, na utapigiwa simu. Hatari haijaisha, baba, nisikudanganye. Asivue barakoa, asikae penye watu wengi. Lakini kama angekuwa wangu, ningemwacha."

Yule baba alivuta pumzi ndefu. Akaliachia bega la binti yake, taratibu, kidole kimoja kimoja. Binti akaingia, akageuka, akapunga. Baba alimwinamia Sabuni na kuondoka akijifuta macho, bila kuacha hata nauli.

Sabuni alisimama pale akihisi kama mtu aliyeibiwa. Ndipo akasikia kikohozi cha adabu nyuma yake. Ni mama mmoja na mwanawe wa kiume, na nyuma ya mama huyo mjomba wa mtu, na nyuma ya mjomba safu ya wazazi hadi kwa kinyozi, wameachiana nafasi kama walivyoelekezwa.

"Daktari," mama alisema, "na mimi nina swali."

Sabuni alitazama barabara ilivyokuwa nyeupe mbele yake, njia tupu ya kuponyokea. Kisha akavuta barakoa yake vizuri juu ya pua.

"Uliza, mama," alisema. "Lakini simama hapohapo ulipo."