Nukta ya Kijivu, Ghorofa ya Tatu

Kwa Mkuu wa Idara ya Mipango Miji,

Yahusu: Kupakwa rangi ya kijivu bila idhini yangu

Mheshimiwa,

Kwanza hongera kwa ramani yenu mpya ya kwenye simu. Binti yangu, anayeishi mji mwingine, ndiye aliyenitumia. Naelewa mnachunguza watu wanaishije tangu nyumba zetu za chini zibomolewe tukapangwa mmoja juu ya mwingine kama masanduku ghalani. Kila mlango una nukta. Kijani ni mwenye majirani, kijivu ni mpweke. Jengo letu zima lina nukta moja tu ya kijivu, na ni mimi.

Ningecheka, ila binti yangu hakucheka. Kasema Jumamosi anakuja kunichukua nikakae kwake, chumba cha nyuma, nitunzwe. Mimi huyu! Sitaki kuhama. Nimezeeka nikiwa karani wa mahakama, ushahidi naujua, na nyinyi hamna. Wangu huu hapa:

1. Afisa wenu mwenye kishikwambi aliniuliza kama kuna jirani ninayeweza kumwachia ufunguo. Nikasema hayupo. Jamani, siku hizi nani mwenye akili timamu anaacha ufunguo? Hiyo ni busara, nyie mkaiandika upweke.

2. Mmehesabu salamu na chumvi ya kuazima. Ugomvi je? Mtu asiyekuhusu hugombani naye. Mama Visigino, anayekaa juu yangu, namgongea dari kwa mpini wa ufagio tangu alipohamia, naye hunijibu kwa kuburuta meza. Hayo si mazungumzo? Zipo ndoa ambazo hazina mawasiliano ya uhakika kiasi hicho.

3. Kinyozi wa ukuta wa kushoto sijawahi kumtembelea, kweli, lakini sina haja. Kuta mlizoziidhinisha ni nyembamba mno hata juzi mkewe alipofoka nani kamaliza kiporo, nusura nijitetee. Ugomvi wao naufahamu tangu ulipoanza. Mke ndiye mwenye haki.

4. Bwana Kikohozi wa ghorofa ya pili hunikera kila alfajiri. Wiki iliyopita alinyamaza, na mimi sikupata usingizi kwa wasiwasi. Aliporudia kukohoa nilimshukuru Mungu, kisha nikamtukana kama kawaida. Niambieni ni mpweke gani ana kazi zote hizo.

5. Kwa hiyo naomba kila ugomvi uchorewe mstari wake kwenye ramani, na nukta yangu iwe kijani kibichi, kubwa kuliko zote jengoni. Wale wanaoishi kwa amani wapakwe kijivu, maana hawashughulikiani. Pia Mama Visigino akatazwe kisheria kuhama, kwani akiondoka rangi yangu itashuka. Na wageni wa miji mingine wakija kujifunza ujirani wa maghorofani, waleteni kwangu, ila wavue viatu.

Nategemea marekebisho yatafanyika kabla ya Jumamosi. Nisalimieni wote hapo ofisini, wapiga chapa, madereva, na hata yule afisa wa kishikwambi, ambaye nimeshamsamehe nusu.

Wenu mwenye majirani tele,
Karani mstaafu, ghorofa ya tatu

Nyongeza: Kabla ya kuifunga bahasha nimewapigia simu. Nimeambiwa rangi hubadilishwa ukitaja majirani watatu kwa majina yao kamili, si ya utani. Basi nikapanda kwa Mama Visigino, mara yangu ya kwanza kuuona mlango wake. Akafungua, akaniamkia vizuri, akaniita kwa jina langu. Akauliza kama mgongo umepata nafuu, maana usiku hunisikia nikiulalamikia peke yangu. Nikaona haya kumwuliza jina lake. Nikasema nimekosea ngazi, nikashuka. Nyinyi jina lake mnalo. Tafadhali nitumieni, hata kama rangi mtaiacha ilivyo.