Dirisha la Fidia kwa Waliogongwa Barabarani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya kutafakari kwa kina tumekubaliana kwamba ni mimi mwenyewe; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni shemeji yangu; waheshimiwa makatibu, makatibu wasaidizi na wasaidizi wa makatibu wasaidizi; ndugu wafiwa; na ninyi wenye magongo mliosimama tangu asubuhi kwa sababu viti vimetosha waheshimiwa tu: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kwenye viti.)

Leo ni siku ya kihistoria. Dirisha mnaloliona ukutani nyuma yangu, lenye utepe mwekundu, ndilo Dirisha la Fidia, ambalo kwa mujibu wa mpango mkakati wetu awamu ya pili, kwa kuzingatia data, tathmini na semina kumi na moja, tatu kati yake zenye malazi, litamhudumia kila aliyegongwa na kila aliyefiwa na aliyegongwa kwa ufanisi wa asilimia mia moja na nne. (Vigelegele. Mtu anauliza hizo nne zimetoka wapi.) Hizo nne ni akiba, ndugu yangu.

Utaratibu ni rahisi kama kumsukuma mlevi. Unajaza fomu namba saba, unaambatanisha ripoti ya ajali inayomtaja aliyegonga, kisha mhanga mwenyewe anafika hapa na kitambulisho chake kutia sahihi mbele ya ofisa. Hatutaki mtu amsemee mwenzake. (Minong'ono. Mjane wa fundi baiskeli ananyoosha mkono.) Naam, mama, kwa ufupi.

(Mjane: "Shikamoo, mheshimiwa. Mimi wangu nilishamzika. Aligongwa ameinama anaziba pancha, mbali kabisa na lami. Sasa sahihi ataitiaje?")

Marahaba. Swali zuri, linaonyesha kwamba elimu kwa umma bado ni changamoto. Pole sana mama, kifo ni kifo, lakini na fomu ni fomu. Marehemu asiyefika atahesabiwa kuwa amejitoa kwenye mchakato kwa hiari yake. (Kicheko vitini. Wenye magongo hawacheki.)

(Mjane: "Basi fomu nakuachia. Mimi nataka kitu kimoja tu, ripoti iandikwe nani alimgonga. Imeandikwa gari lisilojulikana. Wanangu wananiuliza nani alimuua baba yao, na gari linajulikana. Umekuja nalo leo." Anafungua kitambaa, ndani mna kipande cha kioo cha taa. Umati mzima unageuka kuliangalia gari la mheshimiwa.)

Wapiga picha, pumzisheni kamera. Ndugu wananchi, haraka haraka haina baraka. Gari hilo linachunguzwa na kamati huru, na mimi, nikiwa mwenyekiti wa kamati hiyo, sina desturi ya kuingilia uhuru wangu. (Sauti kutoka nyuma: "Kesi ya ngedere, hakimu nyani.") Huyo aliyesema hivyo atajaza fomu namba tisa.

Tumalizie kwa kaulimbiu. Fidia? (Viti: "Ipo.") Haki? (Viti: "Ipo.") Dirisha? (Mzee mwenye gongo ameshalifikia dirisha. Analigonga kwa gongo, linalia kama ukuta mtupu. Analipapasa. Kiganja kinatoka na rangi ya buluu.)

Mzee wangu, halijakauka hilo. Nachukua fursa hii kumshukuru kwa namna ya pekee fundi rangi, ambaye kwa siku moja tu ametuchorea dirisha lenye nondo, pazia na hata ofisa anayetabasamu ndani. Mfuko wa fidia wenyewe tutaanza kuufikiria pindi hali itakaporuhusu kufikiri. Asanteni sana kwa kuja. Na wewe fundi, kabla hujafunga makopo yako, pita pale kwenye gari langu unichoree na taa, mbele upande wa kushoto. Mama, hebu mpishe fundi.

(Mjane ameshasimama mbele ya gari, kioo mkononi. Hasogei.)