Ubongo Nyuma ya Ukuta

Mtu akifukuzwa kazi, wenzake humpa pole. Kiwanda cha Tienmu, hapa San Jose, badala ya pole, kilimpa Chiu Kuo-hsiung terminali mia moja na kumwambia azipeleke anakojua.

Enzi zake, terminali ya Tienmu ilikuwa bibi harusi. Skrini na kibodi tu, akili haina; akili ilikaa kwenye kompyuta moja kubwa chumba cha nyuma, na skrini zote zikiinyonya kwa waya kama vitoto vya paka. Mabenki yaliigombea. Kisha kila karani akapata kompyuta yake mezani, na Wataiwani walioanzisha kiwanda kwa mtaji wa kuungaunga wakabaki na ghala la vioo visivyojua hata moja jumlisha moja.

Wengine waliona takataka. Chiu, muuzaji mwenye ulimi wa asali, alimwona Bosi Pan Su-chen, mwanamama mwenye nyumba za wageni kila kona na asiyelipia kitu bei yake tangu azaliwe.

Akaazima kompyuta kubwa ya mama mkwe wake mwenye ofisi ya uhasibu, ile inayopiga hesabu za wateja wake wote, akaapa kuirudisha kabla ya Jumatatu. Akaificha nyuma ya ukuta wa ghala alilokodi, akatoboa tundu, akapitisha waya.

"Dada Pan, kompyuta mpya hiyo! Haina sanduku. Akili zote zimo humo kwenye kioo."

Bosi Pan akabonyeza, kioo kikajibu. "Na huu waya?"

"Umeme tu, dada."

"Mbona kule nyuma kuna kitu kinavuma?"

"Aa, friji bovu, aliliacha mpangaji wa zamani."

"Bovu, na linavuma?"

"Ndio ubovu wenyewe huo! Nikipata wa kuniondolea, nitamwombea dua."

"Maskini kaka yangu," akasema Bosi Pan. Akakata bei nusu, akaikata tena, akaandika hundi.

Biashara kama hiyo haifungwi bila samaki wa mvuke. Walikula mkahawani hadi mifupa ikabaki uchi, kisha Bosi Pan akainuka. "Ngoja ninawe mikono."

Chiu nusura acheke. Safari hiyo nani haijui? Mstaarabu humnyatia keshia alipe kabla mwenzake hajavuta pochi. Adabu ilimtaka Chiu amkimbilie, amng'ang'anie mkono, wapigane mbele za watu. Akabaki kitini anachokonoa meno. Alipe tu, si ana nyumba za wageni?

Bosi Pan akarudi anachekelea. "Nilikuwa kwenye simu. Wapagazi wangu wameshapakia zote. Na lile friji wamekuondolea, bure!"

Kijiti kikamkwama Chiu menoni. "Wa... wamelitupa wapi?"

"Walitupe? Liko ofisini kwangu. Nina huruma na vitu vibovu. Kwani lako?"

Akisema lake, amekiri utapeli. Akisema si lake, atamweleza nini mama mkwe? Hundi ile isingenunua hata robo ya kompyuta ya namna hiyo.

"Si langu, dada."

"Nilijua. Lakini kaka, ubongo mmoja ukitosha kulisha skrini mia, mjinga gani anunue bongo mia? Miaka yote umeuza kitu hicho hicho, ukakidharau siku ulipofukuzwa."

Mhudumu akaleta bili. Bosi Pan akairukia. "Leo mimi, kaka, usinivunjie heshima!" Mkono wa Chiu, kwa mazoea aliyolelewa nayo, ukaidaka upande wa pili. Wakavutana kidogo, kisha Bosi Pan akaiachia mapema kuliko adabu inavyoruhusu.

"Haya," akasema, akivaa koti, "umenishinda."